Koti la Fundi Katika Sura ya Nne

Nisikilizeni, ndugu zangu, hasa nyinyi mnaosoma na nyinyi mnaosomesha. Nitakayoyasimulia hayana jambazi wala mzimu. Ni habari za familia moja ya watu wa kawaida, iliyoumizwa na aya moja ya maandishi. Na aya yenyewe haikujaza hata nusu ya ukurasa.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kwenye mtaa uliopinda, yenye ukuta wa rangi ya majivu na kibaraza kirefu. Alasiri, jua likishakiacha kibaraza, mama mwenye nyumba alitoka na mkeka wake akaketi akiegemea ukuta. Majirani walimwita Bi Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua inyeshe na nguo ziko kambani. Mtoto akilia mpaka mama yake akachanganyikiwa, aliletwa pale kibarazani, Bi Taratibu akamweka begani, akamwimbia kitu kisichokuwa na maneno, na kilio kikaisha. Akina mama walimwachia watoto wakaenda sokoni bila wasiwasi wowote. Katika chumba cha nyuma, mkwe wake alishona nguo za watu kwa cherehani. Mwanawe wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa na karakana barabara ya pili, na akirudi jioni ilibidi aoge kwanza ndipo aruhusiwe kukaa kwenye kochi. Binti yake, muuguzi, alikuwa masomoni mji wa mbali, na alipiga simu kila Jumapili kuwajulia hali.

Hivyo ndivyo walivyoishi, wala hawakujiona kuwa watu wenye bahati. Kisha mtoto akafa.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi na mkewe, hajaanza hata kutambaa. Aliamka na homa, mchana ikapanda, na jioni akaanza kuhema kwa shida. Baba yake alikuwa safarini, kwenda kufunga mageti ya shule moja. Mtoto alipofikishwa hospitali kubwa, madaktari hawakuwa na la kufanya.

Muuguzi aliwahi mazishi. Alikaa siku chache, akafua, akapika, akapokea wageni, akarudi masomoni. Muda wote huo hakumuuliza wifi yake mambo yalikwendaje. Na kwa kweli nani angeuliza? Wifi alikuwa amelala akitazama ukuta, haongei na mtu. Lakini jikoni, wakati wa kuosha vyombo, shangazi mmoja alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto alicheleweshwa nyumbani. Bi Taratibu ndiye aliyesema homa itashuka yenyewe, alidai shangazi, na wewe unamjua mama yako na taratibu zake. Shangazi mwenyewe siku ile hakuwepo. Muuguzi hakumuuliza alijuaje. Aliumia, na neno lile akaondoka nalo kama alivyopewa.

Sasa sikilizeni habari za masomo yake, kwa maana ndipo lilipoanzia tatizo.

Muuguzi alikuwa akiandika tasnifu ya shahada. Mada yake ilikuwa nzuri, tena yenye manufaa: kwa nini watoto wenye homa huchelewa kupata matibabu. Mahojiano aliyafanya katika zahanati ya kwao, alikofanya kazi kabla ya kwenda chuoni. Kabla hajamhoji hata mama mmoja, alikuwa tayari na jibu lake. Aliamini kwamba wanaochelewesha watoto ni bibi zao huko nyumbani, wenye mafuta ya kupaka na maneno ya kusubiri. Sisi wanadamu tuna tabia hiyo. Na watu wa hospitali, mgonjwa akiwafia mikononi, huwa wepesi wa kuuliza alikuwa wapi siku zote.

Akina mama walimjibu, naye akawarekodi kwenye simu. Wachache walisema kweli walizuiwa nyumbani. Lakini wengi, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, walisema walikuja mapema na mtoto mgongoni wakakuta dirisha la mapokezi limefungwa, au wakaambiwa muuguzi yuko kwenye kikao, au dawa zinahesabiwa, rudini kesho. Muuguzi aliyasikia maneno hayo yote. Kando ya majibu ya namna hiyo aliandika neno moja, visingizio, akaendelea mbele. Waliofunga lile dirisha walikuwa wenzake. Alikunywa nao chai, walimchangia nauli ya kwenda chuoni, na mmoja wao alisimamia harusi yake. Kuwaandika wao kulimwia vigumu. Kuwaandika vikongwe wasiosoma tasnifu kulikuwa rahisi zaidi. Hakujiambia hivyo kwa maneno, lakini mkono ulifuata huko.

Msimamizi wake chuoni alikuwa mzee mmoja mkali ambaye wanafunzi walimbandika jina la Kalamu Nyekundu. Karatasi ikipita mikononi mwake ilirudi kama imetoka machinjioni. Aliisoma sura ya nne ya muuguzi, akamwita ofisini, akamwambia maneno ambayo muuguzi aliyakumbuka kwa muda mrefu.

"Unasema bibi ndio chanzo. Nani kasema? Majibu yako mwenyewe hayabebi dai zito namna hii. Tena yamekauka, msomaji hamwoni mtu humu ndani. Rudi kwenye ushahidi wako uutazame upya. Ukishajua unasema nini, nipe kisa kimoja cha mtu halisi, kinachoonyesha kile ambacho ushahidi umeshathibitisha."

Mzee alisema mambo mawili. Muuguzi akatoka na moja, lile la mwisho, kwa sababu ndilo lililokuwa jepesi.

Tusimhukumu haraka. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo wengi wenu mnaijua. Zamu wodini, vipindi darasani, mume aliyekuwa kazini mji mwingine, miguu iliyovimba kila jioni, na tarehe ya kukusanya kazi inasogea. Siku moja ya mapumziko, mchana, aliketi maktaba kwenye meza ya dirishani, akafungua kompyuta, akaanza kutafuta kisa katika mahojiano yake. Hakuna kilichomfaa. Kila mama aliyekuwa na maneno ya kugusa moyo alizungumzia dirisha. Ndipo akamkumbuka wifi yake.

Aliandika hivi: Mama mmoja kijana, mke wa fundi, alishinda nyumbani na mwanawe mwenye homa kwa kuwa mama mkwe wake alimkataza kutoka, akisema homa itashuka yenyewe. Alipofika hospitali jioni, mtoto akiwa amefungwa ndani ya koti la kazi la baba yake, koti lililotobolewa na cheche za moto, hakukuwa tena na la kufanya.

Koti lilikuwa la kweli. Alilikuta siku ya msiba limetundikwa nyuma ya mlango, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifua, na jirani aliyebeba mtoto kwenda hospitali ndiye aliyemweleza. Alipofika hapo pa koti, machozi yalimtoka juu ya meza ya maktaba. Akadhani kwa kuwa amelia, basi alichoandika ni kweli chote. Alimpa mama yule namba, kama alivyowapa wale aliowahoji, akamweka kwenye orodha pamoja nao.

Kalamu Nyekundu aliisoma aya ile mara mbili. Kwa mara ya kwanza hakutia wino.

"Huyu mama ulimhoji mwenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Alijibu upesi, huku akiangalia rafu za vitabu nyuma ya mzee. Naye mzee, aliyejulikana kwa kutilia shaka hata nukta, siku hiyo aliamini. Kisa kilikuwa kizuri mno.

Tasnifu ikapita. Ikasifiwa kwenye kongamano la chuo, na watu waliohudhuria walikumbuka koti kuliko jedwali lolote. Ofisi moja ya afya ilichapa muhtasari wake kwenye kijitabu chembamba cha kuwafundishia akina mama, na vijitabu vikagawiwa zahanati mbalimbali. Kimoja kikafika zahanati ya kwao.

Wakati huo wifi alikuwa na mimba ya pili. Asubuhi moja alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki kati ya wanawake wengine, kadi mkononi, akisubiri kupimwa. Mhudumu wa elimu ya afya, kijana mpya asiyemjua mtu pale, alisimama mbele yao akaanza kusoma kwa sauti safi. Alisoma habari za homa na namna ya kuitambua. Kisha akasema sasa atawasomea mfano wa kweli, wa mama mmoja kijana, mke wa fundi.

Wifi alisikiliza kama anavyosikiliza kila mtu. Lilipotajwa koti, kadi ilimwanguka. Wanawake wawili watatu waliokuwa pale walimwona siku ile akipita mbio na koti kifuani. Mmoja aligeuka kumtazama, akageuka na wa pili, na muda si mrefu benchi zima lilikuwa kimya, na kijana mbele anaendelea kusoma akidhani ameeleweka. Wifi aliinuka taratibu, mkono kiunoni, akatoka bila kupimwa.

Hakurudi nyumbani kwa mumewe. Alikwenda moja kwa moja kwa wazazi wake, akazima simu. Alijua jambo moja tu: msiba wake umesimuliwa kwa watu, tena vibaya, na habari za koti hazijulikani nje ya familia na majirani wachache. Nani aliyewauza hakujua. Kwa uchungu wa saa ile akawahesabu wote.

Habari hazikuhitaji miguu. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba yumo kitabuni mama mkwe aliyeua mjukuu kwa kumzuia asipelekwe hospitali, na kwamba mama mkwe huyo ni Bi Taratibu. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Walimsalimia kama kawaida, wakipita upande wa pili wa njia, na watoto wao wamewashika mkono. Kibaraza kikawa kitupu. Mama mmoja aliyekuwa akimwachia mwanawe kila siku alituma salamu kwamba siku hizi mtoto anapenda kushinda ndani.

Fundi alifika na maneno yake yameshaiva. Mkewe ameondoka, simu haipokelewi, na kila aliyemkuta njiani alimpa pole kwa jicho la ajabu. Alimkuta mama yake akichambua mchele.

"Mama, ulimkataza mke wangu asimpeleke mtoto?"

Bi Taratibu aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Muulize mkeo," alisema.

"Nakuuliza wewe. Imeandikwa, mama. Imechapwa."

Hakujibu. Mnajua kwa nini hakujibu? Kwa sababu tangu siku ile ya msiba alikuwa akijihukumu peke yake moyoni. Alijua ukweli wa siku ile, lakini alijua pia kwamba mbele ya dirisha lililofungwa yeye aliomba kwa upole, akapokea jibu, akageuka. Hakupiga kelele. Hakuupiga mlango teke. Alikuwa mtu wa taratibu. Mwanawe alipomwambia imechapwa, alihisi kama kwamba kuna mtu mkubwa mahali fulani amechunguza akaona kosa lake, na ameliandika. Mtu aliyekwisha kujitia hatiani hana nguvu ya kujitetea.

Fundi alichukulia kimya kile kuwa jibu. Akachukua godoro lake, akahamia karakana.

Muuguzi alifika likizo mwezi uliofuata. Alikuwa na nakala ya tasnifu yenye jalada gumu, amemwandikia mama yake shukrani ukurasa wa mbele. Alikuta mlango umerudishiwa mchana kweupe. Ndani, cherehani imefunikwa shuka. Mama yake alikuwa amekaa chumbani, kitenge kimemlegea kiunoni kwa kukonda, na mbele yake sahani ya chakula ambayo nzi walikuwa wameshaizoea.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Hujambo? Za safari?"

Muuguzi akauliza wengine wako wapi. Mama akasema kaka yake yuko kazini na wifi yake amekwenda kwao kupumzika, akaishia hapo. Ilibidi aende kwa jirani kuomba kiberiti ndipo apate habari yote, pamoja na kijitabu, ambacho jirani alikuwa amekiweka juu ya friji. Alikisoma amesimama mlangoni. Maneno yalikuwa yake. Hata alama za mkato zilikuwa zake.

Jirani, bila kujua kwamba anaongea na mwandishi mwenyewe, alisema kwa sauti ya kuchoka, "Aliyeandika haya sijui alipata faida gani."

Muuguzi aliondoka bila kiberiti.

Kesho yake alikwenda kwa wazazi wa wifi yake. Walimpokea kwa adabu, wakampa kiti, wakaondoka sebuleni. Wifi alitoka akiwa na tumbo kubwa, akakaa mbali. Muuguzi alijaribu kuanzia mbali, kuuliza ujauzito, kuuliza miguu, na kila neno lilipotoka lilianguka katikati ya chumba. Mwisho akasema kwamba ni yeye aliyeandika.

Wifi aligeuza kiti chake, akamwelekea.

"Nilimdhania mume wangu," alisema. "Nikamdhania mama. Wewe sikukudhania, wifi, kwa sababu wewe hujawahi kuniuliza kitu. Nikasema, asiyeniuliza atajuaje?"

"Shangazi ndiye aliyeniambia."

"Shangazi alikuwepo?"

Muuguzi alitikisa kichwa.

Ndipo wifi akasimulia, bila kupandisha sauti. Asubuhi ile, mtoto alipopata joto tu, Bi Taratibu ndiye aliyesema twende. Ndiye aliyembeba mtoto mpaka zahanati, kwa kuwa wifi alikuwa bado ana maumivu ya mgongo. Walikuta dirisha limefungwa. Bi Taratibu aligonga. Sauti kutoka ndani ilisema leo dawa zinahesabiwa, mtoto mwenye homa apanguswe maji, arudishwe kesho. Bi Taratibu aliomba mara ya pili. Sauti ikasema mama, umesikia. Wakarudi wakampangusa maji mchana kutwa. Jioni alipoanza kuhema vibaya, wifi alimfunga kwenye kitu cha kwanza alichokiona nyuma ya mlango, likawa ni lile koti, akakimbia, jirani akampokea mtoto njiani.

"Mama hakunikataza," alisema wifi. "Mama alilia njia nzima ya kurudi. Akina dada wa pale dirishani unawajua, ulifanya nao kazi. Mbona hao hukuwaandika?"

 Muuguzi aliomba radhi, na wifi akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Jioni hiyo hiyo wifi aliwasha simu, akampigia mumewe, akamweleza kila kitu.

Fundi alirudi nyumbani akapiga magoti mbele ya mama yake. Bi Taratibu alimwekea mkono kichwani, akamwambia ainuke, sakafu ina vumbi. Kisha akamgeukia binti yake, akamtazama kama mtu anayetafuta jambo katika sura anayoifahamu, akaingia chumbani kulala. Kwa wiki nyingi baadaye alizungumza naye mambo ya chumvi na mkaa tu.

Muuguzi alirudi chuoni. Akavaa visikizi, akayasikiliza mahojiano yake yote upya, kwa siku kadhaa, akiwa ameketi meza ile ile ya maktaba. Sasa aliwasikia. Mama mmoja alisema alirudishwa mara tatu. Mwingine alisema mama mkwe wake ndiye aliyegombana na mlinzi ili wapite. Ushahidi ulikuwa mikononi mwake tangu mwanzo, mwingi wa kutosha, na kila sauti ilikuwa na kisa chake ndani kilichotolewa kwa hiari. Alikuwa na hazina hiyo, naye akaenda kuokota neno la jikoni.

Akaenda kugonga mlango wa Kalamu Nyekundu. Alisimulia bila kujipunguzia. Mzee alivua miwani, akaiweka juu ya meza, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

"Nilikuuliza swali moja," alisema. "Nilipaswa kuomba nisikie sauti yake. Nami nilikipenda kile kisa."

"Nifanye nini, mwalimu?"

"Unajua la kufanya. Ndiyo maana umekuja na macho mekundu."

Jopo la chuo lilikaa. Tasnifu ikafutwa, shahada ikazuiwa, akapewa nafasi ya kuandika upya kuanzia sura ya kwanza, huku barua ya onyo ikiwekwa kwenye jalada lake. Cheo alichoahidiwa kazini alipewa mwenzake. Vijitabu viliondolewa, ingawa nani anaweza kuyaondoa maneno kwenye vichwa vya watu? Alikwenda mwenyewe zahanati ya kwao siku ya kliniki, akasimama pale aliposimama yule kijana, akawaambia akina mama kwamba kisa cha koti kiliandikwa na yeye, kwamba mama mkwe hakukataza, na kwamba mtoto alirudishwa pale pale walipokaa. Wenzake wa zamani walisikiliza kutoka nyuma ya dirisha. Hakuna aliyemkaribisha chai siku hiyo, wala baada ya hapo. Wanawake wengine walimwamini. Wengine walisema ni njama za kumsafisha mama yake. Ndivyo uongo ulivyo, ndugu zangu, ukishatangulia huuacha ukweli ukijieleza.

Wifi alijifungua salama mtoto wa kike, na alipopata nguvu alirudi kwa mumewe. Ilikuwa ni yeye aliyemwita muuguzi siku moja, akamwambia kama bado anaandika, basi amhoji. Akaketi, simu ikawekwa katikati yao, akasema yote, na akaweka sharti kwamba asome kabla hajasoma mtu mwingine yeyote.

Rasimu ilipokamilika, muuguzi aliwasomea wote sebuleni. Alianza na hesabu ya akina mama waliofika mapema na idadi ya waliorudishwa, akaeleza alivyowahoji na wangapi walikataa kuhojiwa. Kisha akasoma kisa cha mama mkwe na mkwewe mbele ya dirisha. Bi Taratibu alisikiliza amefumba macho. Muuguzi alipofika mahali pasemapo kwamba yule mama mzee aliondoka dirishani akiwa na huzuni, mama yake aliinua mkono.

"Futa hapo."

"Nifute nini, mama?"

"Huzuni ilikuja baadaye. Pale dirishani nilikuwa na hasira. Hasira ya kutetemeka. Umewahi kuniuliza?"

"Sijawahi."

"Basi andika hasira," alisema Bi Taratibu. "Halafu soma tena kuanzia juu, polepole."

Muuguzi akafuta, akaandika, akaanza upya kutoka mstari wa kwanza.

Mafunzo

Ndugu msomaji, pengine wewe huandiki tasnifu. Lakini unaandika insha ya mtihani, au ripoti ya kikundi, au unasimama mkutanoni kutoa mfano ili watu wakuelewe. Mfano ni kitu kizuri. Dai tupu halimgusi mtu, na takwimu peke yake humchosha msomaji hata kama ni sahihi. Ukimwonyesha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni mbele ya dirisha, atakumbuka maisha yake yote. Kwa sababu hiyo hiyo, mfano wa uongo ni hatari kuliko dai la uongo, maana nao utakumbukwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo anza na ushahidi, uuache ukuambie unachotakiwa kusema, hata kama utakugombanisha na rafiki zako. Ukishajua, ndipo utafute kisa cha kuuangazia, na kisa hicho kiwe kimeulizwa kwa mwenyewe, siyo kwa aliyesikia. Mwombe ruhusa. Kama ni msiba wake, mwombe mara mbili. Machozi yako wewe mwandishi hayathibitishi chochote. Nanyi walimu, kisa kikikupendezeni mno, hapo ndipo muulize zaidi.

Muuguzi alipata shahada yake baada ya kuchelewa sana. Siku ya mahafali mama yake alisema amechoka, akabaki nyumbani, na hakuna aliyemlaumu. Katika zahanati ile sasa dawa huhesabiwa Jumamosi, na dirisha halifungwi kwa ajili hiyo. Ni sura ya nne iliyoandikwa upya, ilipofika ofisi ya afya, ndiyo iliyofanya hivyo. Ile ya kwanza, yenye kusifiwa, ilimwacha mwanamke mmoja mzima akae ndani na mlango umerudishiwa.